Mvua ya Desmond Haigh

Saa tatu asubuhi, Jumatano ya pili ya mwezi wa Mei, Enid Sugden aliegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa jikoni akaanza kupakia. Kwenye mkoba wa kushoto alitia majivu ya mumewe, Norris, yaliyokuwa ndani ya chombo cha plastiki walichompa watu wa mazishi. Kwenye mkoba wa kulia alitia sandwichi mbili za mayai, chupa ya chai na koti la mvua. Akajaribu kuisukuma, ikalalia kushoto. Norris, hata baada ya kuchomwa, alikuwa na kilo tatu na ushee. Enid akarudi ndani akaleta matofaa manane, akayapanga upande wa kulia moja moja mpaka baiskeli ikasimama sawa.

Norris aliacha neno moja tu: apelekwe lango la tisa. Hapo ndipo walipomwaga majivu ya binti yao, Lorna, miaka ishirini na sita iliyopita, homa ya uti wa mgongo ilipomchukua akiwa na miaka kumi na tisa. Mfereji wa Wenderdale una malango kumi na mawili ya kupandishia na kushushia mashua, na watu wa bonde lile, ambao babu zao walisafirisha makaa ya mawe kwa maji hayo, hawana habari na makaburi. Mtu akifa huchomwa, na majivu yake humwagwa kwenye lango alilolichagua mwenyewe. Ilikuwa desturi nzuri wakati maji yalipokuwa maji.

Klabu ya Baiskeli ya Jumatano ilikutana mbele ya stesheni ya Ossleden saa nne kasoro. Walikuwa saba. Mkubwa wao alikuwa Enid, miaka sabini na minne, na mdogo wao Desmond Haigh, hamsini na minane. Beryl Outhwaite, mwalimu mstaafu, ndiye aliyekuwa kiongozi kwa sababu ndiye aliyekuwa na filimbi. Kila mmoja alimpa Enid pole, akatupia jicho mkoba wa kushoto, akasema hali ya hewa ni nzuri. Hali ya hewa ilikuwa nzuri kweli. Wenderdale haikuwa imepata tone la mvua tangu Februari.

Nyuma ya baiskeli ya Desmond kulikuwa na kopo la kumwagilia maua, la lita tano, limefungwa kwa kamba ya mpira. Hakuna aliyeuliza, maana hakuna asiyejua. Desmond alikuwa mtu wa kampuni ya maji, na kazi yake ilikuwa kutia mvua. Sheria inairuhusu kampuni kufungulia maji taka ndani ya mfereji siku za mvua kubwa tu, mitaro inapofurika. Mvua kubwa ni ile iliyosomwa na kipima mvua, na kipima mvua kimesimama karibu na lango la nane, ndani ya uzio mdogo ambao ufunguo wake anatembea nao Desmond. Kwenye taarifa za kampuni, mwaka ule wa ukame ulikuwa na mvua nyingi kuliko mwaka wowote tangu watu wa Wenderdale waanze kupima.

Tena Desmond ni mtu mwema. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu ndilo linalochefua zaidi. Norris alipokuwa kitandani, miezi miwili ya mwisho, Desmond ndiye aliyekuja kumnyoa ndevu, kila Jumanne na kila Ijumaa, na alileta wembe wake mwenyewe. Mtu mbaya ungejua umuweke wapi.

Wakaondoka kwa mstari mmoja, Beryl mbele. Njia ya farasi ni ukanda wa changarawe unaoandamana na mfereji, uliotengenezwa miaka mia mbili iliyopita ili farasi wavute mashua kwa kamba. Chini ya kila daraja kamba zimelila jiwe, zikaacha mifuo ambayo kidole cha mtu mzima kinazama. Farasi wamekwisha. Mashua zilizobaki ni za watu wa kustarehe, na hata hao siku hizi hupita wamefunga madirisha na kuweka vitambaa chini ya milango. Enid alikuwa na namna yake ya kupita: huvuta pumzi kwenye daraja, huibana, huhesabu mpaka arobaini akikanyaga kwa nguvu, kisha huachia kwenye daraja linalofuata. Siku hiyo kilo tatu za kushoto na matofaa manane ya kulia yalimchosha haraka, akawa anaachia kwenye thelathini.

Wafu walianza kutoka majini miaka mitatu iliyopita. Wa kwanza alikuwa Cyril Postlethwaite, mhubiri, aliyepanda ngazi ya chuma ya lango la pili asubuhi moja ya Jumapili, akakaa juu ya boriti ya kusukumia lango, akavua soksi akazikamua. Aliulizwa kulikoni. Akajibu kwa upole kwamba chini hakukaliki. Wiki hiyohiyo wakatoka wengine, wa lango la tatu, wa nne, wa tano, kila mmoja akikaa kando ya maji yaliyokuwa yake, kwa sababu mfu hawezi kwenda zaidi ya hatua kumi kutoka pale alipomwagwa. Halmashauri ilikaa kikao cha saa mbili. Ikatoka na azimio, na azimio likawa bango jeupe kwenye kila lango: WAENDESHA BAISKELI WAWAPISHE MAREHEMU.

Kwa hiyo kuna adabu zake. Unapiga kengele mara mbili, unapunguza mwendo, unasema habari za asubuhi. Wafu wana maji masikioni na kengele hawaisikii vizuri, basi mara nyingi inabidi ushuke usukume. Jambo la kuelewa ni kwamba wafu wenyewe hawanuki. Kinachonuka ni kile walimotoka. Bwana Postlethwaite, kwa mfano, tangu siku aliyotoka ana kitambaa cha kupangusia watoto, kile cha kutupwa, kimegandia nyuma ya sikio la kulia. Kimekuwa cha kijivu, pembe yake moja hupepea. Kwa miaka mitatu watu wamesimama mbele yake wakamuuliza hali, wakazungumza naye habari za mechi ya kriketi, na hakuna hata mmoja aliyemwambia, kwa sababu si vizuri kumwambia mtu jambo la namna hiyo.

Enid naye alisukuma baiskeli mbele ya Bwana Postlethwaite, akasema habari za asubuhi, akapita.

Kati ya lango la nne na la tano maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyolala. Povu lilikuwa limejikusanya kwenye majani ya ukingoni, na ndani ya povu vilinasa vitu ambavyo kila nyumba ya Ossleden ingevitambua kuwa vyake, ila hakuna nyumba ingekubali. Bata-maji mmoja alipita akiwa mweupe mgongoni na kahawia tumboni, mstari umenyooka katikati. Mtu mmoja nyuma alisema kwamba leo afadhali. Wengine wakakubali kwamba leo afadhali. Enid alikuwa akibana pumzi.

Yeye alikuwa na faraja yake. Bomba la kampuni lilitokea kati ya lango la nane na la saba, na maji huteremka, hayapandi. Lango la tisa liko juu ya bomba. Hapo maji yalikuwa safi bado, na Lorna, kwa kadiri Enid alivyojua, hakuwahi kutoka. Miezi yote ya kumuuguza Norris hakupata nafasi ya kufika, lakini kila alipombadilisha shuka alijiambia kwamba huyu akienda, anakwenda mahali safi, kwa mtoto wake.

Klabu hula kwenye lango la sita. Kuna meza ya mbao mbele ya baa iliyofungwa. Mwenye baa alichoka kuulizwa kama harufu inatoka jikoni kwake. Wakatandaza vitambaa, wakamimina chai, Beryl akakata keki ya tangawizi vipande saba vilivyolingana. Enid alishika sandwichi yake lakini haikupita. Harufu siku hiyo ilikuwa imezidi, na ilikuja na upepo wa kutoka juu. Akasema, zaidi kwa kujipa moyo, kwamba anamshukuru Mungu lango la tisa liko juu ya bomba, angalau Norris na Lorna watakuwa salama na uchafu huu.

Beryl alichukua karatasi ya sandwichi yake akaikunja mara mbili, akaikunja tena mara mbili. Desmond akayatazama matairi ya baiskeli yake.

"Kuna nini?" Enid akauliza.

"Bi Enid," Desmond akasema, "bomba limewekwa mdomo wa pili. Tangu Machi. Uko juu ya tisa."

Enid aliweka sandwichi mezani.

"Na Lorna?"

"Alitoka Jumatatu ya Pasaka," Beryl akasema. "Tulimpita, tukamsalimia. Alikuulizia."

"Mkamwambiaje?"

"Kwamba unamuuguza baba yake."

Enid akauliza mbona yeye hakuambiwa. Beryl akatoa jibu ambalo watu wa Wenderdale hulitoa kwa kila kitu, kwa vita na kwa kikombe kilichovunjika: hawakutaka kumletea usumbufu. Akasema alikuwa na mzigo wake tayari. Wengine wakatikisa vichwa kwamba ni kweli, alikuwa na mzigo wake tayari.

Enid akapiga hesabu ya majuma. Tangu Pasaka mpaka siku ile, watu hawa sita walikuwa wamekuja nyumbani kwake, mmoja mmoja na wawili wawili. Walimletea supu. Walikaa kwenye viti vyake wakazungumzia ukame na maua ya jirani, na muda wote huo walijua kwamba mwanawe amekaa juu ya boriti amejaa mavi ya mji mzima. Akazitazama nyuso zao, nyuso alizozijua kwa miaka arobaini, zina makombo ya keki mdomoni, zikamtia kinyaa. Hakuwa amewahi kuona kinyaa kwa watu aliowapenda.

Mahali pengine mtu angeipindua meza. Enid alifunga sandwichi zake, akapangusa mezani palipokuwa pake, kisha akamgeukia Desmond.

"Leo usitie mvua."

"Bi Enid, mimi ni—"

"Leo tu. Nikimmwaga, akae hata siku moja kwenye maji yaliyotulia. Kesho tia unachotaka. Tia gharika ya Nuhu."

Desmond alifikiri. Alimpenda Norris, hilo halina ubishi. Akazungusha kikombe chake mara mbili tatu mezani.

"Sawa," akasema. "Leo kipima hakitaona hata tone."

"Uniapie."

"Naapa."

Basi wakapanda. Lango la saba wakalipita. Kwenye lango la nane kile kipima mvua kilikuwa kimesimama ndani ya uzio wake, kikavu, kinang'aa juani, na Desmond alikipita bila kukitazama, shingo kaigeuzia upande wa pili. Enid aliona, moyo ukamtua kidogo. Mita mia mbele simu ya Desmond ikalia. Akashuka, akawaashiria watangulie. Enid aligeuka mara moja akamwona ameiweka simu sikioni anaitikia kwa kichwa, ingawa aliye upande wa pili hakumwona.

Lorna alikuwa amekaa kwenye boriti ya lango la tisa, miguu inaning'inia. Alikuwa peke yake. Lango la tisa liko mbali, na watu wengine walichagua ya karibu. Bado alikuwa na miaka kumi na tisa. Wafu hutoka na nguo walizochomwa nazo, na yeye alivaa sweta aliyofumiwa na mama yake, iliyokuwa ya buluu. Rangi haikujulikana tena. Enid aliitambua kwa mkono wa kushoto, karibu na kifundo, pale alipokosea kufuma akaona uvivu kufumua.

"Umezeeka, Mama," Lorna akasema.

"Na wewe umechafuka," Enid akasema.

Akaegemeza baiskeli, akavua kitambaa cha shingoni, akakilowesha kwa chai ya kwenye chupa, maana ndicho kitu pekee kisafi chenye umajimaji alichokuwa nacho. Akampangusa uso, paji kwanza, kisha mashavu, kisha pembeni mwa pua, kama alivyompangusa alipokuwa mdogo, na kama zamani Lorna alikunja uso akavumilia. Kwenye nywele alitoa vitambaa sita vya kupangusia watoto, kijiti cha kusafishia masikio, na kitu cha nane ambacho hakukitazama. Vyote akavifunga kwenye karatasi ya sandwichi. Wenzake walikuwa wamesimama mbali, wamevua helmeti, wanasoma bango la halmashauri ambalo walikwisha kulisoma mara nyingi.

Enid akamwuliza maisha ya chini yalikuwaje kabla ya mambo haya. Lorna akamwambia yalikuwa mazuri. Maji yalikuwa ya kijani, jua lilifika mpaka kwenye matope, na bata walipopita aliona miguu yao ikipiga kasia. Miaka ishirini na mitano na zaidi hakuchoka kuitazama ile miguu. Halafu akauliza baba yake yuko wapi.

"Mkoba wa kushoto," Enid akasema.

Akamweleza alilokuwa amelifikiria njiani tangu lango la sita. Kwamba juu kule, maili mbili tu, kuna kilima cha nyasi na upepo msafi, na kwamba pengine Norris angekaa vizuri huko, awe anaona mfereji kwa mbali. Lorna akasikiliza mpaka mwisho.

"Mpeleke, Mama," akasema. "Wewe hujui ikifunguliwa inakuwaje. Inaingia mpaka mdomoni." Akang'oa kitu kwenye sweta. "Ila hapa peke yangu pamenishinda."

Enid akamwambia kwamba Desmond ameapa. Leo haitafunguliwa. Baba ataingia kwenye maji yaliyotulia, atazama salama mpaka chini, na huenda chini kabisa, kwenye matope, bado kuna mahali pa watu wawili. Wakakubaliana wangoje. Bomba lilikuwa na saa yake, saa nane kamili mchana, halikosei, na ikipita hiyo basi siku imepona.

Wakangoja wamekaa pamoja juu ya boriti. Mdomo wa bomba ulikuwa ng'ambo ya pili, mpya, umejengewa kwa saruji nzuri, na juu yake kampuni ilikuwa imepanda maua. Saa nane ikafika. Ikawa saa nane na robo. Uchafu wa Jumanne ulikuwa umekwisha kushuka, maji ya juu yakawa karibu na usafi, hata kereng'ende mmoja akaja akatua. Saa nane na nusu ilipopita Enid aliinuka, akafungua mkoba wa kushoto.

Upepo ulikuwa nyuma yake, hilo alilihakikisha. Akafungua chombo akamwaga taratibu. Majivu mengi yalitua juu ya maji, yakakaa kidogo, yakazama. Machache yalimdondokea kiatuni, akakikung'uta kiatu juu ya maji ili asibaki na sehemu ya mtu. Beryl alisema maneno machache juu ya mume mwema na mwendesha baiskeli mwenye subira. Lorna aliinamisha kichwa. Ilikuwa imekwisha, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Enid alisikia njaa. Akakaa karibu na bintiye akala nusu ya sandwichi.

Saa tisa kasorobo bomba likakohoa. Lilikohoa mara mbili, likanyamaza, kisha likatapika. Kwanza ilitoka hewa, na hewa hiyo pekee ilimfanya mmoja wa wanachama aketi chini. Kisha yakaja maji ya kijivu, kisha yasiyokuwa maji. Yalitoka kwa nguvu na kwa utulivu, mfululizo, bila haraka yoyote, Ossleden nzima na kifungua kinywa chake, yakapiga ukuta wa upande wa huku, yakageuka, yakajaa ndani ya lango palepale Norris alipozama. Maua ya kampuni yalitikisika vizuri juani.

Desmond alifika wakati huo, anasukuma baiskeli. Kopo lilikuwa nyuma yake, limefungwa kwa kamba yake ya mpira, na suruali yake ilikuwa imelowa goti moja.

"Walinipigia simu," akasema. "Tangi limejaa. Wakasema bomba lazima lifunguliwe, na kipima kinasoma sifuri, kwa hiyo lazima mvua iwe imenyesha. Niliwaambia nina msiba. Wakanipa pole."

Enid alimtazama.

"Nimetia nusu tu, Bi Enid. Kwa heshima ya Norris. Nusu kopo."

"Unanitia kinyaa, Desmond," Enid akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesoma bango. Alikuwa hajawahi kusema neno la namna hiyo kwa mtu yeyote, na wanachama wote walitazama viatu vyao.

"Najua," Desmond akasema. "Hata mimi najitia. Lakini nikiacha mimi wataleta mwingine, naye atatia kopo zima."

Na wale wengine, huku wametazama viatu, walitikisa vichwa, kwa sababu ilikuwa kweli. Wangeleta mwingine. Angetia kopo zima. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo, na msimuliaji wenu, aliyekaa bonde lile miaka mingi, akala keki zao na kuwapenda, hajapata kumwona mtu wa Wenderdale akifikiri zaidi ya hapo.

Norris alichukua kama nusu saa. Kwa kawaida mtu hukaa chini miaka kabla hajashindwa, lakini kuingia siku ya kufunguliwa ni jambo jingine. Walisikia ngazi ya chuma ikilia, kisha ukaonekana mkono, kisha kichwa. Alivaa suti yake ya Jumapili. Alipanda mpaka juu, akashika magoti akakohoa kwa muda mrefu, na alichokitoa alikitoa kwa adabu, pembeni, kwenye nyasi. Kisha akanyooka, akawaona mkewe na bintiye juu ya boriti.

"Lorna," akasema. "Sogea kidogo, mwanangu."

Lorna akasogea. Norris akakaa katikati yao, na maji yakatiririka kutoka suti yake mpaka kwenye sketi ya Enid, na Enid hakuisogeza sketi. Baba na binti walishikana mikono, wakaitazama jinsi ilivyochafuka.

Desmond akawasogelea. Akamwamkia Norris, akamwambia samahani kwa yaliyotokea, akamnyooshea kipande cha keki ya tangawizi kilichokuwa kimebaki, chake mwenyewe, alichokiweka akiba tangu lango la sita. Nyusi moja ya Norris ilikuwa imezibwa na kitu cha kijani. Lakini alilelewa vizuri. Akafuta kiganja kwenye suruali, jambo ambalo halikusaidia, akapokea keki.

"Asante, Desmond," akasema. "Umefanya vyema kuja. Maji si mabaya. Nilitegemea mabaya zaidi."

Enid aligeuza uso akaitapika ile nusu sandwichi.

Alipomaliza alikilowesha tena kitambaa kwa chai, chai ya mwisho, akaanza kumpangusa mumewe. Alianza na ile nyusi. Akaenda kwenye mikunjo ya shingo na nyuma ya masikio, huku amekaza meno. Bomba lilikuwa bado linamimina. Chai ikaisha kabla hajafika kwenye mikono. Norris akasema inatosha, na Lorna akasema inatosha, na wote watatu walijua kwamba kesho saa nane ile kazi itakuwa kama haikufanyika.

Beryl akapiga filimbi mara moja, kwa kuomba radhi. Upepo ulikuwa umegeuka na kurudi Ossleden ni maili kumi na nne za kupigana nao. Enid akainuka. Baiskeli sasa ililalia kulia, akayatoa matofaa manne akayaweka juu ya boriti, ingawa alijua wafu hawali.

"Na wewe, Mama," Lorna akasema, "wewe watakuweka wapi?"

Enid akayatazama maji. Kitu kilipita polepole, kikazunguka, kikapita tena.

"Kule kilimani kuna hewa nzuri, Enid," Norris akasema. "Sisi hatutachukia. Tutakuwa tunakuona."

Enid alikuwa mwanamke wa kanisani, na tangu azaliwe hakuwahi kutema mate mbele za watu. Akatema sasa, mate mazito, katikati ya mfereji. Kisha akatamka neno moja la matusi, taratibu, akiliacha litoke lote.

"Hapahapa," akasema. "Nitakwenda wapi kwingine?"

Lorna akasogea mpaka mwisho wa boriti, Norris akamfuata, wakaitazama nafasi iliyobaki. Ilimtosha.